Makaburi Yasiyo Kwenye Ramani ya Nyeri

Nyeri ni mji unaojua kutunza makaburi. Mgeni akiuliza kaburi la Baden-Powell, hata mtoto wa shule atamwonyesha njia. Mwanzilishi wa maskauti alifariki tarehe 8 Januari 1941 katika nyumba yake ndogo ya Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, na kaburi lake leo ni turathi ya taifa. Katika makaburi hayohayo amelala Jim Corbett, yule mwindaji wa India aliyeandika vitabu kuhusu simbamarara wala watu. Naye aliishi Paxtu, akafariki Aprili 1955. Upande wa Mathari liko kanisa la Waitaliano, yalimohifadhiwa mabaki ya wanajeshi wao waliokufa katika vita na katika kambi za mateka. Kamanda wao, Amedeo wa Aosta, aliyefariki Machi 1942, amezikwa pamoja nao. Yapo pia makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola, na nyasi zake hazijawahi kunifika kwenye vifundo vya miguu.

Mwaka uleule aliozikwa Corbett, nyanya yangu alimzika binti yake wa miaka minne kwenye mteremko wa kijiji, kilomita chache tu kutoka mjini. Kaburi hilo halimo katika ramani yoyote. Naweza kulisema hilo kwa uhakika kwa sababu ramani za ardhi ndizo kazi yangu. Nilianza nikiwa kijana wa kushika mnyororo na kubeba bikoni, nikapanda ngazi hadi kuwa mpimaji, na katika miaka yote hiyo nimekunja na kukunjua karatasi za Tetu, Othaya, Mukurweini na Mathira hadi nyingine zimechanika kwenye mikunjo. Humo kuna barabara, shule, soko, kiwanda cha kahawa, josho la ng'ombe. Makaburi ya vijiji vya wakati wa Hali ya Hatari sijayaona.

Kwa vijana wanaosoma makala haya, afadhali nieleze vijiji hivyo vilikuwa nini, kwa sababu wengi hudhani Wakikuyu wameishi vijijini tangu jadi. La hasha. Watu wetu waliishi kila mji na ukingo wake wa kilima, boma la huyu hapa na la yule ng'ambo ya mto. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari ili kuwapiga vita wapiganaji wa Mau Mau. Karibu miaka miwili ikapita na vita havikwisha, kwa maana wapiganaji waliokuwa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walikuwa wakiletewa chakula, dawa na habari na mama zao, wake zao na dada zao. Juni 1954 serikali ikaamua kuwatenga na watu wao. Kila familia iondolewe kwenye boma lake na kuingizwa katika kijiji kimoja chenye ulinzi. Kufikia mwisho wa 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishwa, na vijiji vilikuwa vimepita 800, kuanzia Kiambu, Murang'a na Nyeri hadi Embu na Meru.

Nyanya yangu alisimulia siku hiyo bila kupandisha sauti. Walipewa muda wa kutoa kinachobebeka, kisha paa likatiwa moto mbele yao. Kijiji hakikuwa kimejengwa; walikijenga wao wenyewe, wanawake, maana wanaume wengi walikuwa kizuizini Manyani, Mackinnon Road au katika kambi za Mwea. Nyumba zilipangwa kwa mistari kama miche kwenye kitalu. Kuzunguka kijiji kulichimbwa handaki lenye vijiti vya mianzi vilivyochongwa, juu yake kukawekwa seng'enge, na lango likawa moja, likitazamwa kutoka mnara wa walinzi. Asubuhi filimbi ililia, wanawake wakahesabiwa, wakapelekwa kazi ya lazima: kuchimba barabara, kukata vichaka, na kuchimba lile handaki refu kuliko yote, lililofuata ukingo wa msitu kwa makumi ya maili ili mpiganaji asishuke wala mwenye chakula asipande. Saa za kwenda shambani kwao zilikuwa za kupimiwa, na siku ambazo kijiji kiliadhibiwa hazikuwepo kabisa.

Mtu akizuiwa kufika kwenye shamba lake, njaa haikawii. Njaa ikiingia penye nyumba zilizobanana, choo cha haraka na maji machafu, magonjwa hayahitaji mwaliko. Binti wa nyanya yangu alianza kuharisha siku ya pili ya juma. Mama yake akatoka kwenda handakini kama kawaida, kwa sababu asiyejitokeza alichapwa, na mtoto akabaki na bibi kizee wa nyumba ya jirani. Alifariki kabla ya juma kuisha. Walimzika kabla ya saa ya kufungwa lango, mlinzi mmoja akiwasimamia, katika kipande cha mteremko nje ya handaki ambako wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa. Hakukuwa na sanduku. Alifungwa kwa blanketi aliloliazima dada yake nyanya, na mwenye blanketi hakulidai tena.

Msimulizi mmoja hawezi kutuambia ukubwa wa msiba, kwa hiyo naleta takwimu. John Blacker, mtaalamu wa hesabu za idadi ya watu, alilinganisha sensa za Kenya za kabla na baada ya Hali ya Hatari, na mwaka 2007 akachapisha makadirio yake: vifo vya ziada takriban 50,000 miongoni mwa Wakikuyu na jirani zao, karibu nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 10. Kuna watafiti wanaotaja idadi kubwa zaidi, na serikali ya kikoloni ilitaja wapiganaji waliouawa kama 11,000 tu. Mimi hushikwa hapo kwenye watoto. Wale hawakufia msituni. Hawakuwa kati ya wale zaidi ya elfu moja walionyongwa. Watoto walifia ndani ya vijiji, na walizikwa palepale, kwa sababu hapakuwa na ruhusa ya kumpeleka maiti popote. Kwa hiyo kila kijiji katika hivyo zaidi ya 800 kilikuwa na mahali pake pa kuzikia. Hebu fikiria ni mahali pangapi leo ambapo pameandikwa hata neno moja.

Ramani ilifutaje mambo haya? Hapa nazungumza kama mtu wa kazi. Katika miaka hiyohiyo ya vijiji, serikali ilianzisha mpango wa kilimo ulioitwa kwa jina la mwandishi wake, Roger Swynnerton, wa mwaka 1954. Vipande vya ardhi vya kila familia, kimoja bondeni, kingine mlimani, kingine kwa mjomba, vilipimwa, vikajumlishwa, vikakatwa kiasi fulani cha matumizi ya umma, kisha mwenyewe akapewa shamba moja lenye namba. Wananchi walikuwa wamefungiwa kijijini na wanaume wengi kizuizini, kwa hiyo hapakuwa na wa kupinga, na kazi ilikwenda mbio ajabu. Aliyekuwa na mtu kwenye kamati alipata bapa lenye maji. Aliyekuwa Manyani alirudi akakuta amepewa mwamba. Baadaye sheria ya ardhi ya 1963 ikakaza kifundo: usajili wa kwanza haukuweza kubatilishwa mahakamani, hata kama ulipatikana kwa udanganyifu. Kifungu hicho kilidumu hadi sheria mpya za 2012.

Hali ya Hatari ilipokwisha Januari 1960, watu wakaruhusiwa kutoka vijijini kwenda kwenye mashamba yao mapya. Vijiji vingine vikabaki, vikawa makazi ya wasio na ardhi. Vingine vikavunjwa, na ardhi ya chini yake ikawa shamba la mtu aliyeangukiwa na namba hiyo. Naye hakuwa na kosa. Alipewa karatasi, akaambiwa panda kahawa, akapanda.

Basi niwaambie jinsi kaburi la kijiji linavyoonekana kwa mpimaji. Kahawa yetu ya zamani ilipandwa kwa kamba, shina na shina futi 9, mstari na mstari futi 9. Shimo la mche lilichimbwa futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Kaburi la haraka halina kina kirefu. Kwa hiyo mchimba mashimo alipofika pale, jembe lilimwambia. Kwetu kugusa mabaki ya maiti ni thahu, unajisi unaohitaji kutakaswa, na hata aliyebatizwa hakutaka kuthubutu. Alifukia, akaruka, akaendelea mbele. Leo, miaka zaidi ya 60 baadaye, mimi nikitembea kwenye shamba ambalo mistari yake imenyooka kama ubao wa mwashi, nikakuta pengo la mashina matatu hapa, manne pale, yote upande mmoja wa mteremko, husimama na kumuuliza mwenye shamba. Mara nyingi hujibu kwamba pale kahawa haikushika. Mvumilie. Mwache akuletee kikombe cha uji, na kabla hujamaliza atakuambia baba yake alimkataza kuchimba pale.

Dalili nyingine ni udongo. Mahali palipokaa watu mia kadhaa kwa miaka mitano pana udongo mweusi wa jivu katikati ya udongo wetu mwekundu, na ukifukua kidogo unaokota kigae cha chungu, mpini wa kikombe cha bati, kifungo. Kisha kuna itoka, lile yungiyungi la mwituni ambalo wazee wetu walilipanda mpakani pindi ugomvi wa mipaka ulipokwisha. Kung'oa itoka la mpakani lilikuwa jambo zito. Hata mpimaji wa serikali huliheshimu kama bikoni. Kijiji kilipovunjwa, nyanya yangu alichukua itoka kutoka kwenye mpaka wa zamani wa baba mkwe wake, mpaka ambao karatasi mpya ilikuwa imeufuta, akalipanda juu ya mtoto wake. Alijua hakuna Mkikuyu atakayeling'oa. Nilipompeleka mara ya mwisho, akiwa hawezi kupanda kilima bila kushikwa mkono, lilikuwa limezaana na kuwa kichaka cha upana wa meza. Mwenye shamba, mzee wa rika la baba yangu, alivua kofia, akamwambia, "Cucu, mimi hulipalilia tu pembeni. Sijawahi kuligusa." Nyanya akamjibu, "Najua, mwanangu. Nimekuwa nikikuona."

Mzee huyo ni mtoto wa mlinzi wa kijiji. Nalitaja hili kwa sababu ndilo linalotufunga midomo Nyeri. Walinzi hawakutoka ng'ambo ya bahari. Walikuwa ndugu zetu, wengine waliingia kwa imani, wengine kwa woga, wengine kwa tamaa ya ardhi. Wajukuu wa walinzi na wajukuu wa waliolindwa wameoana, wanakaa benchi moja kanisani na kuuza kahawa yao katika ushirika mmoja. Ukiuliza makaburi yako wapi, ni kama unauliza nani alikuwa amesimama langoni. Mimi nadhani maswali hayo mawili yanaweza kutenganishwa. Naweza kuandika jina la mtoto bila kuandika jina la mlinzi, na nimewaambia hivyo wazee wa pande zote mbili.

Namna ya kufanya kazi hii nimejifunza kwa watu wa mbali. Ilianzia Outspan, ile hoteli ya Paxtu. Miaka mingi baada ya kujengwa, iliingia mikononi mwa kampuni ya hoteli ya familia ya Block, na siku moja nikataka kujua Block alikuwa nani. Abraham Block alikuwa Myahudi kutoka Lithuania aliyefika Kenya mwaka 1903 kupitia Afrika Kusini, akahangaika na kilimo kabla ya kununua hoteli ya Norfolk mwaka 1927. Nikaanza kusoma kuhusu Lithuania, nikajikuta nasoma usiku.

Nchi ile ilikuwa na mamia ya miji midogo na vijiji vyenye Wayahudi, kila kimoja na sinagogi lake, soko lake na makaburi yake. Wajerumani waliingia Juni 1941, na kufikia mwisho wa mwaka huo walikuwa, pamoja na wenyeji waliowasaidia, wamewaua wengi wa Wayahudi hao kando ya miji yao wenyewe. Zaidi ya asilimia 90 ya Wayahudi wa Lithuania waliangamia katika Vita vya Pili vya Dunia. Makaburi ya mababu yakabaki bila mtu wa kuyatembelea. Kisha, chini ya utawala wa Kisovieti, mawe yake yaling'olewa na kugeuzwa vifaa vya ujenzi; huko Vilnius watu walipanda na kushuka ngazi za kilima cha Tauras kwa miaka mingi wakikanyaga mawe yenye maandishi ya Kiebrania. Sisemi kwamba yaliyowapata wao na yaliyotupata sisi ni kitu kimoja. Wauaji wao walitaka kuwafuta Wayahudi wote duniani, na hilo lina jina lake. Ninachokitazama ni walichokifanya walionusurika.

Walionusurika, wakiwa Afrika Kusini, Marekani na Israeli, walikusanyika kwa vyama vya mji waliotoka, wakaandika vitabu vya kumbukumbu, kitabu kimoja kwa mji mmoja. Yako mamia ya vitabu vya namna hiyo, vya miji ya Poland, Lithuania, Ukraine na kwingineko. Ndani yake kuna orodha ndefu za majina, hadithi za mwokaji na mwalimu na mchota maji, na katika vingi kuna ramani iliyochorwa kwa mkono kutoka kichwani: hapa nyumba ya fulani, hapa kisima, hapa njia ya kwenda makaburini. Mimi niliyezoea vipimo vya sentimita niliziangalia ramani hizo na kustaajabu. Hazina kipimo, lakini wajukuu wamezishika mkononi, wakaenda hadi kwenye msitu ulioota juu ya makaburi, wakayapata. Leo wapo wanaosafisha mawe yaliyobaki, kuyapiga picha na kusoma jina moja baada ya jingine. Myahudi akitembelea kaburi huacha kijiwe juu yake, ajaye ajue kwamba amepata mgeni.

Ramani ya namna hiyo inaweza kuchorwa Nyeri mwaka huu. Mtu aliyekuwa na miaka 8 mwaka 1955 angali hai katika nyumba nyingi, na anakumbuka lango lilitazama wapi. Mkalishe mezani, mpe karatasi kubwa na penseli, usimsahihishe. Muulize kwanza mto ulikuwa upande gani, kisha mnara, kisha mistari ya nyumba na nani alilala wapi. Makaburi yaulize mwisho, na umwulize majina, si idadi. Nimefanya hivyo na wazee wa kijiji chetu chini ya mwembe wa shule. Walibishana juu ya kisima hadi mmoja akakasirika, lakini kuhusu makaburi hawakubishana hata kidogo.

Kuna sababu ya kuharakisha zaidi ya umri wao. Vile vijiji vilivyobaki, ambavyo hadi leo tunaviita vijiji vya wakoloni, vina watu waliokaa vizazi vitatu kwenye viploti visivyo na hatimiliki, na sasa serikali inavipima ili wapewe. Ni jambo jema lililochelewa mno. Lakini mpimaji akishaingia na bikoni zake, kipande kisichokuwa na jina la mtu kitagawiwa, na ikishatolewa hati itakuwa kazi kukirudisha. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu mahali pa historia patangazwe na kulindwa. Na hata bila tangazo la waziri, ramani ya kijiji inaweza kutenga kipande cha umma cha makaburi kama inavyotenga cha kanisa au cha chekechea, wananchi wakikidai kabla ya karatasi kupigwa muhuri.

Mnamo Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa. Septemba 2015 mnara ukazinduliwa Uhuru Park, Nairobi. Nilifurahi kwa ajili ya wazee hao. Waliolipwa walikuwa wale walioishi hadi kuonyesha makovu yao. Dedan Kimathi, mtoto wa Tetu, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, bado mifupa yake iko katika gereza la Kamiti mahali pasipojulikana, na kila Februari tunasikia hotuba juu yake. Natamani sana apatikane. Natamani pia tuache kungoja lori kutoka Kamiti, wakati ng'ambo ya mto wetu wapo ambao tunajua walipo.

Mwenye shamba la itoka amekubali. Tulipima pamoja, yeye akishika ncha ya utepe: kipande hakifiki robo ekari, nacho kina mapengo yote ya kahawa ndani yake. Atakikata kutoka kwenye namba yake kiwe cha umma, na watoto wake wamesaini. Bado tunahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, ambayo itataka kujua kwa nini mtu mwenye akili timamu anatoa kahawa bure, kwa hiyo tutakwenda na wazee na ile karatasi ya penseli. Fomu nimekwisha kuijaza. Palipoandikwa matumizi ya ardhi nimeandika makaburi, na nyuma yake nimebana orodha ya majina tuliyoyapata, watoto wakiwa wengi kuliko watu wazima. Kama mama yako aliwahi kuishi katika kijiji chetu kati ya 1954 na 1960, njoo naye siku ya bodi. Orodha bado ina nafasi.